Kila Mtoto "Anajitahidi"

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, mimi ni mama mtu mzima, mwalimu wa awali huku Malangali, elimu yangu si kubwa lakini watoto nawapenda na Mungu ananijua, sasa sisi walimu wa shule jirani tuliambiwa tukae tupime watoto kwa kipimo kimoja, maana mtoto akihesabu hadi kumi kwa Kifipa, lugha ya nyumbani kwetu hapa, mimi namwandikia "anaweza", Mwalimu Suma, binti wa kutoka Mbeya, anamwandikia "bado", basi tukasali, na kabla hata hatujakaa vizuri Suma akaniambia, "Mama, wewe hata mbuzi ungempa anaweza!" nikamjibu, "Na wewe mwanangu, hata malaika ungemrudisha awali!" ndipo Mwalimu Marsiana, mwenyekiti wetu, akatupatanisha, tuwaandikie wote "anajitahidi", hakuna mzazi atakayeuliza, tukapiga makofi, tukanywa chai, afisa elimu aliyetuagiza akausifu umoja wetu. Shida ni Tadei, mtoto wa darasani kwangu, nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki mpaka nimguse bega, naye nimemwandikia anajitahidi, mama yake kafurahi kaniletea kuku, ila nyumbani anamchapa, anasema, "Huyu mtoto hasikii!" Nikisema, nawasaliti wenzangu, nikinyamaza, roho inaniuma, rozari nasali kila siku, nifanyeje?

Mlezi, Malangali

Mama Mlezi, pole. Moyo unao. Lakini hebu niambie, mlikaa kupima watoto au kusuluhisha walimu? Kipimo kimoja mmekipata kweli, kama mizani inayosoma kilo moja hata ukiipandishia gunia la ulezi. Na huyo afisa wenu, naona naye anajitahidi.

Mama Tadei amesema kweli bila kujua: mtoto hasikii. Anachapwa kwa ajili ya masikio yake, na wewe unaogopa kumuudhi Marsiana! Kuku mmeshamla? Basi, usinijibu.

Nenda leo kwa mama yake Tadei. Mwambie, "Mwanao si mkaidi, apimwe masikio hospitali, na fimbo weka chini." Atakufokea. Kaa hapohapo mpaka amalize. Darasani Tadei akae mbele, useme naye akikuona uso.

Kisha kikao kirudiwe. Kila mwalimu aeleze alichomwona mtoto akifanya, ndipo mtafute neno. Anayehesabu kwa Kifipa anajua kuhesabu, Kiswahili ni kazi yenu kumfundisha. Hilo mwambie Suma kwa upole. Mkigombana tena, safari hii mgombee mtoto.

Rozari usiache. Ila ya leo isali ukiwa njiani kwenda kwa Mama Tadei.