Gari la Nasike Linalia Kulia

Shangazi Jerono,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wakazi wa Bungoma, Kitale na vitongoji vyake vyote kwamba kuanzia Ijumaa iliyopita blenda ya nyumbani kwangu haitafunguliwa tena na mtu yeyote mwenye bisibisi, hasa mimi. Tangazo hili limetolewa jikoni na mke wangu Suad, na halina rufaa.

Baada ya habari hizo nzito, sasa naja kwa shida yenyewe, na unisamehe kukuita Shangazi, maana nina miaka hamsini na mbili na huenda wewe ndiye unayepaswa kuniita mjomba, lakini mtu akishakwama haangalii umri wa anayemsukuma.

Jina langu ni Hashim, naishi nyuma ya msikiti hapa Bungoma mjini, na kwa muda mrefu nimeuza vitambaa, ila mkono wangu haujawahi kupita karibu na skrubu bila kuifungua, nilianza na redio ya marehemu baba, nikaja kwa cherehani, kisha nikanunua gari bovu nikalifungua na kulifunga mpaka Suad akawa anawaambia wageni kwamba hilo ni mke mwenza aliyeletwa bila yeye kuulizwa, na siku lilipowaka likaenda Kitale na kurudi bila kusukumwa, majirani wakaanza kuniletea yao, huyu breki, yule radieta, nami nikatengeneza kwa malipo ya chai, mpaka mwaka huu nikamwachia Suad duka, nikafungua gereji kwenye kona moja hapa Kanduyi, na nikaandika bango kwa mkono wangu mwenyewe: HASHIM. GARI LAKO HALITALIA TENA.

Ungekuwepo ungenizuia.

Mteja wangu wa kwanza wa kweli, yaani asiye jirani wala shemeji, ni Nasike, mama anayeleta mayai kutoka Kwanza, kule upande wa Kitale, na kuyasambaza kwenye hoteli za hapa mjini, na huyo akikusifu sokoni umesifiwa, akikunyamazia umekwisha. Siku zote ameniita Baba Shamira, kwa jina la binti yangu. Siku alipoleta gari akaniita Fundi, na jina hilo, Shangazi, lilinishuka kifuani kama uji wa moto wakati wa baridi. Nikamuuliza gari linalia wapi.

"Inalia kulia, Fundi," akasema. "Inanguruma kama mashine ya kusaga unga."

Basi nikaliinua kwa jeki upande wa kulia, nikatoa beringi ya gurudumu la mbele, nikatia mpya, na kwa kuwa nimeapa kuwa fundi wa kuaminika, ile ya zamani nikaifunga kwenye karatasi nikamrudishia, hiyo ndiyo sheria yangu, kila kinachotoka kwenye gari la mtu anaenda nacho asije akasema nimemuuzia hewa, na kabla ya kuifunga niliizungusha kwa kidole, ikazunguka laini kabisa, nikacheka nikasema kuna vitu huzeeka vizuri kuliko mimi, kisha nikalijaribu gari likiwa tupu kwenye barabara iliyonyooka, likawa kimya, nikampa funguo. Kesho yake akaja na trei zake za mayai, akafika pale pale kwenye kona yangu, gari likanguruma mbele ya bango langu, na watu wa kibanda cha chai wakalisoma bango, wakalitazama gari, kisha wakanitazama mimi.

Akalirudisha. Nikakaza, nikapaka grisi, nikalijaribu, kimya. Kesho yake, kona ile ile, likalia. Sasa halirudishi tena. Hagombi wala hanung'uniki, anapita tu kila asubuhi, gari linalia, yeye ananipungia mkono na kusema, "Umeamkaje, Baba Shamira." Umesikia hilo? Ufundi nimevuliwa hivyo, kwa salamu.

Ian, kijana wa kuziba pancha hapo kando, ananihurumia. "Mzee, usiwahi sema hujui, bana," ameniambia. "Sema ni giaboksi, iache ilale hapa, na hapo katikati utajua." Suad naye anasema tangu azaliwe hajasikia kitambaa kikilia. Na mimi, kusema kweli, aibu naiweza, ninayo ya kutosha nyumbani, kinachonimaliza ni ule mlio wenyewe, nataka kuujua, nakula nikiusikiliza kichwani, juzi nimetoka kuswali nikajikuta namfuata dereva wa lori kwa miguu kwa sababu lori lake lilinguruma karibu vivyo hivyo. Sasa nishauri, nimwambie Nasike kwamba sijui, niseme giaboksi, ama nishushe bango nirudi kupima vitambaa?

Hashim wa Blenda,
Kanduyi.

*

Hashim,

Mimi hapa Kitale nikifungua boneti ni kutafuta mahali pa kumimina maji ya kuoshea kioo, na hata hapo humwomba mtu anionyeshe shimo. Kwa hiyo usitarajie nikuambie kinacholia. Barua yako nimeisoma mara mbili hata hivyo, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nimekunja uso.

Pole kwa hiyo kona. Kupungiwa mkono kwa upole na mtu uliyemkosea kunauma kuliko kutukanwa. Lakini habari ya giaboksi itoe kichwani leo hii. Wewe ni mtu uliyejitungia sheria ya kumrudishia mteja vyuma vyake, halafu ukalizulie gari lake ugonjwa ili upate nafasi ya kujifunza? Ian ataendelea kuziba pancha. Wewe ndiye utakayebaki na jina hilo.

Sasa nikugombeze vizuri. Ulishika beringi mkononi, ikazunguka laini, nawe ukafanya mzaha. Daktari akishang'oa jino akaliona halina hata tundu, anacheka? Mtoto aliyefungua redio ya babake alitaka kujua kilichomo ndani. Mzee mwenye bango alitaka kuitwa Fundi, na aliitwa, kwa hiyo akaacha kuuliza. Udadisi uliokufikisha hapo kwenye kona uliutundika mlangoni siku ulipofungua gereji.

Jambo lingine. Magari siyajui, ila wanaolia nawajua, wananiandikia kila wiki. Mume huja ameshauliza mkewe analia wapi, na analia kwa sababu ya nani. Karibu hakuna anayeuliza analia lini. Hata wewe umeniandikia barua ndefu yenye jeki, grisi na mashine ya unga, na bado sijui gari la Nasike hulia lini. Likiwa tupu? Likiwa na mayai? Likipanda, likishuka? Hujui, maana ulilijaribu peke yako, bila mzigo wake na bila yeye.

Kesho usimpungie mkono. Simama barabarani, msimamishe, mwambie hivi: "Sijui, na huenda nilikutolea kitu kizima." Usiongeze kitu. Halafu panda gari, yeye aendeshe, mayai yakiwemo, nawe ukae kimya. Kwa ninavyokusoma, hicho cha mwisho ndicho kitakachokuwa kigumu zaidi. Bango lako lipunguze maneno, maana hakuna gari lisilolia. Na blenda ya Suad uiache ipumzike.

Jerono

*

Shangazi,

Ian anawaambia watu wa kibanda cha chai kwamba mzee Hashim aliinamisha sikio barabarani akautambua ugonjwa wa gari kabla halijafika. Nimemkanusha, ila si kwa bidii inayotakiwa. Wewe basi upate ukweli.

Nilisimama barabarani. Maneno yako niliyasema, yakatoka kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nasike akanitazama, kisha akafungua kabati la dashibodi, akatoa ile beringi ya zamani, bado imo ndani ya karatasi yangu. Kumbe alishamwonyesha ndugu yake kule Kwanza, naye akamwambia ni nzima.

"Nilikuwa nangoja tu kusikia utasema nini," akaniambia. "Ungesema giaboksi kama mafundi wengine, ati, mimi na wewe tungebaki salamu tu."

Nikapanda, trei ya mayai mapajani, mdomo nimeufunga. Tulienda barabara iliyonyooka, kimya. Tukakata kushoto kuelekea hoteli ya kwanza, kimya. Tukakata kulia kurudi barabarani, likanguruma, nami nikamuuliza swali lako, linalia lini. Akanishangaa.

"Si nilikuambia siku ya kwanza, Baba Shamira? Inalia kulia. Ikienda kulia inalia. Ikienda kushoto inanyamaza."

Mimi kulia nilidhani ni mahali, kumbe ilikuwa safari. Gari lenye mzigo likikata kulia, uzito wote unaegemea gurudumu la kushoto, na mgonjwa alikuwa huyo wa kushoto, akilia kila anapobebeshwa. Likiwa tupu, kwenye barabara iliyonyooka, hakuwa na sababu ya kusema kitu. Na kona yangu inapinda kulia, Shangazi, ndiyo maana alikuwa ananililia mimi kila asubuhi. Tulipoliinua upande wa kushoto nikazungusha gurudumu kwa mkono, likasaga kana kwamba lina mchanga ndani. Nililizungusha tena na tena, nikicheka, mpaka Nasike akaniuliza kama nalitengeneza ama nalichezea.

Kwa hiyo sikusikia chochote kwa sikio langu. Mwenye gari aliniambia kila kitu kwa maneno mawili siku ya kwanza, nami nikayasikia nusu, nikamtibu aliye mzima. Beringi mpya ya kushoto niliiweka kwa gharama yangu. Bango nimelipaka rangi, limebaki HASHIM peke yake, na Suad anasema sasa linafanana na la mtu anayewania udiwani.

Juzi asubuhi nilikuwa kwenye kona, kikombe mkononi, sikio limetegwa, nikingoja kumsikia Nasike akipita. Alipita kimya hivi kwamba sikumwona. Akarudisha gari nyuma, akashusha kioo.

"Fundi, siku hizi husalimii watu?"

Kisha akaniambia kwamba shemeji yake wa Bokoli ana pikapu, nayo inalia huko nyuma.

Nikaweka kikombe chini.

"Inalia lini?" nikamuuliza.