Folda ya Marehemu

Jumanne, baada ya Isha.

Hakuna aliyenituma. Arobaini ya Mzee Shomari, mwenzetu wa kazi, ilisomwa Jumapili, nami nikaona vibaya jina lake kubaki kwenye kompyuta ya zahanati ninayoitunza. Asubuhi nikaifuta akaunti yake na vyote vilivyokuwamo.

Mchana Bi Mwanahawa wa maabara akaniita: "Mwanangu, programu ya majibu haifunguki."

Marehemu ndiye aliyeijenga. Kabla ya kuijenga unachagua itakaa wapi. Yeye hakuwa na nywila ya msimamizi wa kompyuta, akaiweka kwenye folda yake mwenyewe. Majibu ya wagonjwa humo. Nakala zake humo humo. Mimi sikuangalia, nili...

Jioni mjane wake kapiga simu kunishukuru kwa khitma. Akauliza kama kazi ya mumewe bado inatumika.

"Inatumika, mama," nikasema.