Sentimita Sitini na Saba

Jumanne, 9 Julai 2024
Amekuja dada wa chuo kutoka Morogoro mjini, Nasra, kupima kondoo. Kuwapima! Ana futi ya fundi cherehani na fomu. Anataka kujua kama kondoo wa huku milimani ni aina moja na wa tambarare. Nikamshikia wetu watano. Wanne wafupi kama kawaida, kimo cha begani hamsini na saba, hamsini na nane. Wa tano ni yule jike tuliyeletewa mwaka juzi — dereva wa lori alimshusha Mkuyuni, "mzigo wa Mama Winfrida", akaondoka. Hakusema katoka kwa nani. Huyo sentimita sitini na saba! Nasra akapima tena. Masikio, kifua, upana wa mkia, vyote vimezidi. Akacheka: huyu si wa huku, Winfrida. Rangi inadanganya, futi haidanganyi. Majuzi amepima hamsini wa namna hii Dumila, huko tambarare.
Dumila. Nikasahau kumshika kondoo, akaponyoka, akaingia kwenye mchicha wa mama.

Jumatano, 10 Julai
Nani mwingine angetuletea kondoo? Baba aliaga anakwenda vibarua vya mpunga, upande huo wa Dumila, wiki mbili. Nilikuwa darasa la sita. Wiki mbili zimekuwa miaka tisa!
Nimemwomba Nasra majina ya wafugaji wa Dumila. Hatoi — fomu ni siri za watu. Na kondoo mmoja si ushahidi, anasema, huenda kanunuliwa mnadani, kapita mikono mitano. Kweli. Lakini moyo haujasoma chuo.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya misa nimemwambia mama nataka kwenda Dumila. Hakuuliza kuna nini. Akaendelea kumenya ndizi. Akasema tu: aliyekuacha hajapotea, amekuacha. Kumbe anajua! Miaka miwili anamkatia majani yule jike, hataki achinjwe hata Krismasi, nami nikidhani ni ubahili.
Nina hasira na baba. Na nina hamu naye, basi, nimeandika. Kikohozi chake. Anavyoniita toka ng'ambo ya mto kabla hata hajavuka. Sura yake imeanza kunitoka, najitahidi kuikumbuka, inakuja nusu. Hilo ndilo linaniogopesha.

Alhamisi, 18 Julai
Dumila. Joto, vumbi, malori. Tangu asubuhi nauliza kila mwenye kondoo: Deogratias, Mluguru, mrefu, ana kovu kidevuni. Hakuna anayemjua. Kondoo wenyewe nimewaona — miguu mirefu, mikia mipana, kama jike wetu kabisa! Mwenyewe simwoni.
Sasa nimekaa kwa Chausiku, muuza vitunguu, naandikia magotini. Naye kasema Deogratias hamjui. Mluguru mwenye kondoo hapa, mdogo wangu, ni Baba Winfrida tu.
Nimemwomba arudie. Amerudia. Baba Winfrida.
Ni mimi? Au kazaa mwingine huku, akampa jina langu? Chausiku keshachukua simu, inaita — imepokelewa! Wanataniana. Anamwambia una mgeni hapa, binti, anakutafuta tangu asubuhi. Kaziba simu kwa kiganja, kanigeukia: nimwambie ni nani?