Hatua za Fundi Sindano

Jumatatu, 3 Machi

Saa nne asubuhi ardhi imetikisika. Vikombe vimegongana kabatini, basi. Sekunde sita — nimehesabu kwa mazoea. Redio imesema ukubwa ni nne nukta tisa. Binti yangu, mwalimu wa jiografia, amepiga simu kabla sijaiona miwani. Wanafunzi wake wanasema tetemeko la mwaka juzi lilikuwa tano nukta tisa. Tofauti ni moja tu, mbona lile liliangusha kuta?

Moja tu! Nimecheka. Nimemwambia moja hiyo ni ya kuzidisha, si ya kujumlisha. Ukipanda namba moja, sindano ya mashine ya kupima matetemeko inacheza mara kumi zaidi, na nishati inayotoka ardhini ni kama mara thelathini na mbili. Ukipanda mbili, ni mara elfu. 

"Kumbe moja si moja, Baba."

Si moja, mwanangu.

Atakuja Alhamisi kuchukua michoro ya zamani akaonyeshe darasani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshusha sanduku. Kituo chetu cha matetemeko kilipofungwa walitaka kuichoma michoro hii, nikaiomba. Bado inanuka wino.

Chumba cha mashine kilikuwa chini, ngazi kumi na nne. Tulivua viatu mlangoni, maana kila kishindo sindano ilikiandika. Na kila mtu alikuwa na mwendo wake karatasini! Mkuu wa kituo: mburuzo mrefu, kama anasukuma kabati. Fundi Sindano, mtunza mashine, aliwahi kuvunjika mguu wa kushoto: hatua nzito, hatua nyepesi, nzito, nyepesi. Mimi, msomaji wa michoro, waliniita Rula. Nilijigamba: nipeni karatasi, nitawaambia nani kaingia na kama ameshakula.

"Rula, iko siku utapima chafya yangu," Fundi alisema. Nikaipima. Milimita tatu. Tukacheka mpaka mkuu akashuka na viatu vyake kutugombeza — na kuharibu karatasi ya siku nzima.

Miaka kumi na moja, chumba kimoja, birika moja. Sijamwona Fundi tangu ile barua iliyomwondoa kituoni.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu amekuja na maswali yake. Kwa nini redio inataja namba moja, na watu wa mitaa tofauti wanasimulia matetemeko tofauti? Nimewasha redio, nikampeleka uani. Sauti ni ileile, nikamwambia, ila wewe uliye mbali unaisikia kidogo. Ukubwa ni wa tetemeko lenyewe. Ukali ni wa pale uliposimama. Ndiyo maana tulipima mchezo wa sindano, tukapima na umbali. Siku hizi wanakokotoa hata mwamba uliokatika na ulivyoteleza. Amependa. Mimi zaidi.

Halafu akafungua karatasi ya lile kubwa la enzi zangu kituoni. La saa nane mchana. Nililisoma nne nukta nane, nikatuma makao makuu. Vituo vingine vyote vikasema tano nukta nane! Waliopasukiwa nyumba walikuwa wameshaambiwa kwamba walijenga ovyo. Kumbe ukuzaji wa mashine, yaani kiasi inachokuza mtikisiko, ulikuwa umeshushwa mara kumi kwa matengenezo, na daftarini hakuna kitu. Fundi alisema aliniambia kwa mdomo. Mimi nikaandika kwenye ripoti: sikusikia. Akaachishwa kazi.

"Na hivi vialama kabla ya tetemeko?" binti yangu akauliza.

Nikainama. Kikubwa, kidogo, kikubwa, kidogo. Fundi anatoka chumbani. Nikachukua rula. Siku za kawaida hatua yake nzito ni milimita nane. Hapa hata moja haikufika.

Mara kumi pungufu! Robo saa kabla ya tetemeko, mbele ya macho yangu, kwa mwandiko wa mguu wake.

"Baba, si ulikuwa unamjua mpaka aliyekula?"

Alikuwa anatania. Sikuweza kucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Aliniambia.

Nimeandika, sasa ibaki hapo. Nilikuwa nachonga penseli. Alisimama kwenye ngazi, viatu mkononi: "Rula, nimeshusha mara kumi, usisahau kuongeza moja." Nikajibu, haya. Kisha nikasahau. Mkuu alipouliza, Fundi alinitazama mimi, hakumtazama mkuu. Alikuwa na uhakika na mimi.

Jumapili, 9 Machi

Niko sebuleni kwa Fundi. Binti yangu amenishusha hapa na karatasi ya lile tetemeko kwapani. Mlango amefungua mkewe — zamani aliniwekea kikombe kilichokatika mkono, "hiki cha Rula, asiguse mtu." Leo amenitazama kama aliyekuja kusoma mita. Nimevua viatu bila kuambiwa.

Ameingia ndani kumwita. Amerudi peke yake.

"Shemeji, anauliza ni Rula yupi. Aliyesikia, au asiyesikia?"

 Nimetoa daftari hili, eti natafuta kitu. Uzee! Bado amesimama, anangoja.

Nyuma ya pazia mbao za sakafu zimeanza kulia. Nzito, nyepesi. Nzito, nyepesi. Fundi hakungoja jibu. Naikunjua karatasi penye hatua zake, nahesabu kwa mazoea — sekunde ya tatu, ya nne —