Kupe wa Sitini

Jumatatu, 4 Juni

Mume wangu, ua la moyo wangu,

Umeamkaje huko, na unakula vizuri? Huku sote wazima. Mama yako hajambo, ng'ombe wake naye hajambo, na ndama ananyonya mpaka anapiga chafya.

Barua yako ya Alhamisi nimeisoma mara tisa. Ya tisa nilimsomea ng'ombe zizini leo asubuhi nikikamua, pale uliposema unaniona hata ndani ya hadubini. Mama akacheka: "Mwanangu, utamkausha maziwa kwa mapenzi." Wiki tatu za ndoa na bado nakuona mpya. Wakikupa chumba cha wafanyakazi, siku hiyo hiyo nakuja.

Mkeo

Alhamisi, 7 Juni

Mke wangu,

Natumaini u mzima. Dereva wetu wa sampuli, anayekuletea hii, ameagizwa asubiri jibu lako.

Wale kupe wa maabara, tuliowaacha wanyonye damu ya ndama mgonjwa wa ndigana, homa inayoua ng'ombe, walikuwa sitini. Leo nimehesabu hamsini na tisa. Tumekagua makoti, sakafu, hata trei ya maji inayowazuia kutoroka. Hayupo. Na barua ile niliiandika juu ya meza ya kupe, jambo tunalokatazwa.

Umesema uliipeleka zizini Jumatatu. Mkague ng'ombe wa mama, masikioni na chini ya mkia. Kupe hunyonya siku tatu nne ndipo vimelea wakomae na kutoka na mate yake. Leo ni ya tatu. Mama hana ng'ombe mwingine.

Mumeo

Alhamisi hiyo hiyo

Mume wangu,

Sisi wazima, nawe pumua.

Tumemkagua ng'ombe na ndama, mama akitafuta kwa vidole na mimi kwa macho. Safi. Kisha nikaitoa bahasha chini ya mto wangu (usicheke). Barua zako huwa nazichana ubavuni, kwa sababu sipendi kubandua pale ulipopitisha ulimi. Nilipoiinua juani nikaona doa ndani ya ukunjo. Kupe wako amenasa kwenye gundi, bapa kama mbegu ya nyanya, hajanyonya hata tone. Mguu mmoja bado unapunga.

Sikumgusa. Bahasha nzima iko ndani ya chupa, anayo dereva. Nimelia, halafu nimecheka. Mama anasema umwombe ng'ombe radhi.

Mkeo akupendaye

Alhamisi, 14 Juni

Mke wangu, dawa yangu,

Hamjambo nyote, na ng'ombe? Mwombe radhi kwa niaba yangu.

Jumatatu nilimtuma dereva akwambie neno moja tu: sitini. Nilitaka kwanza nijue mengine. Nilimweka kupe yule kwenye joto pamoja na wenzake ili vimelea wakomae, nikampasua, nikatoa tezi zake za mate na kuzitia rangi. Zimejaa vimelea.

Nilimweleza mkuu wangu kila kitu. Amenipiga marufuku kuingia maabara na kalamu ya barua, kisha akauliza, "Huyo mkeo, chumba kikipakwa rangi anakuja lini?" Kinakauka Jumamosi.

Hii nimeiandika nje, kwenye benchi la getini. Nimeilamba mara mbili. Ichane popote.

Mumeo