Kitabu cha Mwandiko Kisicho na Rafu

Mjukuu wangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka kwetu Langoni. Sote wazima, na paka wako amezaa tena.

Waniuliza kitabu cha kufunza mwandiko wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mkipe namba gani ya rafu hapo maktabani unapofanya kazi. Wallahi, hata mimi kilinichanganya nilipokuwa msichana nikipanga vitabu vya madrasa. Nilikiweka rafu ya juu, pamoja na misahafu. Basi watu hawakukigusa bila udhu, na ndani ni kuchonga kalamu na kuendeleza maneno tu! Nikakishusha chini, kwenye vitabu vya lugha. Mwalimu wetu akanikemea: “Herufi za Kurani waziweka tini?”

Nikachoka, nikakiacha mezani. Hapo kila mtu akakisoma.

Sasa wewe uliyesomea kazi hiyo, niambie: meza mnaipa namba gani?

Bibi yako