Mstari wa Mke

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua ya masika inashuka tangu alfajiri, na uani pamekuwa ziwa la bata.

Leo nimemfukuza mtu wa bima. Nimesimama barazani, mkono kiunoni, nikamwambia mbele ya majirani: rudi kwenu Dar es Salaam na makaratasi yako, mlinzi wangu ni Mungu, na kulipia kifo kabla hakijafika ni sawa na kukitumia nauli. Majirani wakacheka, yeye akafunga mkoba akaenda zake.

Uongo mtupu.

Nilipouona mwavuli wake kwenye kona nilikimbilia chooni. Mzee mwenye meno saba, nimekimbia kama kuku aliyeona kisu. Nikamwacha Mwanahawa, mke wangu mkubwa, amwambie nimekwenda Kerege. Maneno yale ya Mungu na nauli niliyatunga humohumo chooni, nimechuchumaa, makuti yananidondoshea maji utosini.

Sikukimbia kwa kukosa pesa. Bima yenyewe ni ya kimaskini. Kila mwezi tunatoa kidogo, na siku ya siku inatoka sanda, ubani, mchele wa hitima na pengine mbuzi aliyekonda. Nikifa mimi, analipwa mke aliyeandikwa. Akifa yeye, nalipwa mimi ili nimzike. Mara nyingi nimewaza kuiacha. Lakini ukiacha, ulichokwisha kutoa kinapotea chote. Ndivyo karatasi inavyosema, na hapo ndipo nilipoielewa vizuri kuliko mahali pengine popote.

Nilikimbia kwa sababu ya mstari mmoja.

Miaka minne iliyopita wakala wa kwanza, mtu mnene mcheshi, alinikuta Mlingotini kwa Tausi, mke wangu mdogo. Tukamchinjia jogoo. Alipokwisha kula akatoa karatasi, akauliza jina la mke. Nikamwambia ninao wawili. Akacheka, akanionyesha kwa kidole chenye mafuta: mstari ni mmoja, mzee, karatasi hizi wamezitunga watu wa mke mmoja. Tausi alikuwa amesimama pale na birika la kunawia. Sasa mtu ataje jina gani, na maji anamiminiwa na mwenye jina?

Nikajiambia nitarekebisha. Sikurekebisha. Niliporudi Bagamoyo nikamwambia Mwanahawa, tumeandikwa bima. Sikusema nani na nani.

Mwanahawa anasoma Kurani kuliko mimi, na barua ya herufi za Kiarabu huiandika kwa mwandiko uliopangika kama ushanga. Hizi herufi za kizungu, nilizozipata kwa viboko katika shule ya Mjerumani kabla sijatoroka, yeye hazijui. Nami nimejificha nyuma ya herufi hizo miaka minne.

Na anayelipa ni yeye. Anasuka mikeka, na kila mwezi fungu la bima linatoka kwenye pindo la kanga yake. Mama yake alizikwa kwa sanda ya mkopo, na hata arubaini haijafika mwenye duka akaja barazani kudai. Mwanahawa akaapa kwamba yeye hatalala kaburini na nguo ya watu.

Basi leo nipo chooni, nasikia yote. Wakala wa sasa ni mpya, kijana asiyetujua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee katoka, kenda Kerege. Lakini pesa ninayo mie."

Nikamwomba Mungu kijana apokee aende.

"Hebu nisomee hiyo karatasi kwanza," Mwanahawa akasema. "Mwaka wa nne nalipa, sijapata kuisikia."

Kijana akasoma. Jina langu. Umri wangu, ambao nao ni uongo, lakini huo haumuumizi mtu. Kisha: "Mke, Tausi binti Omari. Ndiyo wewe, mama?"

Nilisikia mvua ikipiga karai, tone moja moja.

"Ndiyo mie," akasema Mwanahawa. Akampa pesa.

Uongo wa Kerege nilimtuma. Huu wa pili sikumtuma.

Adhuhuri akanitengea wali na changu wa nazi, kichwa cha samaki akaniwekea mimi kama siku zote.

"Mume wa Tausi, nawa ule."

Nimezoea kumaliza mambo kwa mzaha. "Tangu lini umekuwa Tausi?" nikamuuliza.

"Tangu ulipoandika."

Akarudi kwenye ukili wake wa mkeka. Akasema, bila kuinua macho: "Tausi sina ugomvi naye. Naye asizikwe kwa mkopo. Lakini na mie nina mwili, Baba Saidi."

Kaniita kwa jina la mwanetu, kama tulivyozoeana. Nikausogeza wali kando.

Nilikuwa nimepanga kumwambia jioni hii kwamba sheikh kasema bima ni haramu, tuiache, na aibu yangu ife nayo. Sheikh hajasema lolote, ningemsingizia tu. Sasa siwezi. Kuiacha ni kumnyang'anya mikeka ya miaka minne. Kuiendeleza hivi ilivyo ni kumsukisha sanda ya mke mwenzake. Kumfuta Tausi siwezi, na Mwanahawa mwenyewe hataki.

Tutaendelea kulipa. Ila kwanza barua, kwa yule wakala mnene, ambaye nasikia siku hizi amepewa meza ofisini. Naiandika hapa kwanza, nisiharibu karatasi nzuri.

Bwana, salaam sana. Ni mimi, mzee wa Mlingotini na Bagamoyo. Unamkumbuka jogoo mwekundu? Ulikula mapaja yote mawili, ukaniambia, mzee, siku ukiwa na haja nami usione haya. Leo naona haya, lakini nakuja hivyo hivyo. Chini ya mstari wa mke pana nafasi nyeupe, upana wa kidole; nimeipima. Niandikie hapo Mwanahawa binti Salimu, hata kwa herufi ndogo, na mhuri wenu juu yake. Wakubwa wako wakisema mstari ni mmoja, waambie jogoo naye alikuwa mmoja, na tulikula watu watatu.